Mchumaji kaenda wapi? Shajara ya mradi wa Kiingereza, Kidato cha Tatu, Wete

Mradi wetu wa muhula huu una lengo moja. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aandike kwa Kiingereza maelezo ya kazi inayofanywa kwao, ayapate kwa mtu anayeifanya kazi hiyo, kisha aweze kuyasema kwa mdomo mbele ya mwenzake asiyeijua. Wiki zilizotangulia zilikuwa za kuuliza. Watoto waliwahoji mabibi zao, ami zao na wajomba zao kwa Kiswahili chetu cha Pemba, na majibu wakayaandika kwenye mabuku. Wiki hii tumeanza kuyaingiza kwenye Kiingereza.

Kazi ya mfano kwa darasa zima ni karafuu. Msimu umeshika, ukitoka kidogo tu nje ya mji wa Wete, harufu inakupokea kabla hujaliona jamvi. Tena kueleza jinsi kitu kinavyofanywa, hatua kwa hatua, kwa kauli ya kutendwa, ni ujuzi ambao mwanafunzi anayekwenda Kidato cha Nne hana pa kuukwepea. Kwa hiyo mradi haukai pembeni ya azimio la kazi. Umo ndani yake.

Darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini, wanakaa watatu watatu kwa dawati. Vitabu havitoshi, na karatasi za kutoa kopi ni za mitihani tu. Wakitoka mlangoni, Kiingereza hawakisikii tena mpaka kesho yake, labda kwenye simu au mpira wa televisheni. Ndiyo maana kila mbinu ninayoichagua naipima kwa swali moja: kwa dakika hii, midomo mingapi inasema Kiingereza? Mwalimu akisimama mbele na kuuliza, unasema mmoja, na mara nyingi ni ule ule wa jana.

Jumatatu

Kipindi kimoja, na tulikifanya cha imla ya mbio. Niliandika kwa mkono aya nne fupi juu ya karatasi za manila nikazibandika ukuta wa nje, kibarazani. Darasa likagawanyika makundi ya watu wanne. Mmoja anashika kalamu, waliobaki wanapokezana: unatoka, unasoma, unakariri kadiri kichwa kinavyobeba, unarudi, unamsomea mwandishi. Mkimbiaji haruhusiwi kushika kalamu wala kupiga kelele kutoka ukutani. Akisahau, arudi tena nje.

Aya ya kwanza ilisema kwamba karafuu ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka, na kwamba asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ya pili, kwamba mikarafuu ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yakaenea Unguja na Pemba wakati wa Seyyid Said, aliyefariki 1856. Ya tatu ilikuwa ya kimbunga cha 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Ya nne ilieleza uanikaji.

Mbinu hii naipenda kwa sababu inaonyesha mahali hasa neno linapopotea. Mtoto ameisoma sentensi nzima ukutani. Hatua kumi baadaye, sentensi imefika mezani ikiwa pungufu. Nilizunguka na daftari nikaandika kilichopungua, na kilikuwa kile kile kundi hadi kundi: vile vineno vidogo, a na the, na mkia wa kitenzi. Ukutani palikuwa na "trees were planted", mezani ikafika "tree were plant". Sababu naiona wazi. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, na sikio lililozoea hivyo halikai kungoja konsonanti mwishoni. Ama linaziacha, ama linaziwekea irabu, na kweli makundi mawili matatu yalisema "plantedi".

Upande mwingine watoto hawa wana mtaji ambao wenzao wengi wanaojifunza Kiingereza hawana. Sauti ya kwanza ya think na ya kwanza ya this hazikuwapa taabu hata kidogo. Wanazo tangu utotoni, kwenye thelathini na dhahabu, na chuoni wamezinyoosha zaidi kwa kusoma Kurani. Niliwaambia hivyo waziwazi, kwamba ziko nchi ambako mwanafunzi huhangaika miaka na sauti hizi mbili. Mtoto anapaswa kujua anachokiweza, si kuambiwa makosa tu.

Jumanne

Vipindi viwili mfululizo, na hii ndiyo siku ninayotaka kuiandika kwa urefu.

Sikuanza na kanuni. Nilichukua sentensi kutoka kwenye karatasi zao za Jumatatu nikaziandika ubaoni kama zilivyo, bila majina, nikawaambia wazikamilishe. Kiswahili kinamaliza kazi kwa kiambishi kimoja: chuma, chumwa, anika, anikwa. Kiingereza kinataka vitu viwili, kitenzi cha kuwa na umbo la tatu la kitenzi chenyewe. Tukajenga safari ya karafuu kwa vitenzi vyao: picked, separated, spread, dried, weighed, sold. Spread iliwasumbua kwa kuwa haibadiliki, wakataka kuipa mkia. Sold iliwasumbua kwa kuwa inabadilika sana.

Mjadala mkubwa ulitoka mahali nisipopatarajia. Kijana mmoja aliandika "the cloves are dry", mwenzake "the cloves are dried", na kila mmoja akawa na watetezi wake. Nikawaacha wabishane, kwa Kiswahili, kwa sababu walichokuwa wakikibishania kilikuwa Kiingereza tupu. Msichana mmoja akasimama akasema: hii ya kwanza ni karafuu zilizokwisha, unazichukua mkononi zinavunjika kwa kishindo, hii ya pili bado ziko juani na mtu anazigeuza. Sidhani kama ningeweza kulieleza vizuri kuliko yeye. Darasa zima liliandika maelezo yake.

Tulipofika kwenye sentensi ya nane au tisa, zote zikiwa zimenyooka, mwanafunzi wa dawati la nyuma akanyosha mkono. Huyu huwa hasemi.

"Maalim, mchumaji kaenda wapi?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema: hizi sentensi zote ni za karafuu. Karafuu zinachumwa, zinaanikwa, zinauzwa. Anayepanda juu ya mkarafuu hayumo. Mama anayechambua usiku hayumo. Kama mtu hatujui, atadhani karafuu zinajichuma.

Nililiacha andalio la somo hapo hapo. Kauli ya kutendwa ndiyo kazi yake hiyo, kumwondoa mtendaji ili macho yaende kwenye kinachotendwa, na ziko nyakati hilo ndilo linalotakiwa. Maelezo ya jinsi ya kukausha karafuu hayahitaji kujua zimeanikwa na nani. Lakini swali la mtoto lilistahili jibu kamili, kwa hiyo nikawarudisha kwenye aya ya pili ya Jumatatu. Sentensi ilikuwa "Clove trees were planted all over Unguja and Pemba." Nikauliza: zilipandwa na nani?

Wengine wakasema na Seyyid Said. Wengine, na Waarabu. Kimya kidogo, kisha sauti moja: na watumwa.

Ndivyo. Mashamba ya karafuu ya karne ya 19, hapa Pemba na kule Unguja, yaliendeshwa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la mjini Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria hapa visiwani mwaka 1897. Hayo wanayasoma kwenye historia. Ila leo waliyaona ndani ya sentensi ya Kiingereza, iliyo sahihi kwa sarufi, isiyo na kosa hata moja la kusahihisha, na yenye watu wengi sana waliofichwa ndani yake. Nikawataka waiandike upya kwa namna tatu: kwa by mwishoni, kwa kumtanguliza mtendaji, na kwa kuiacha ilivyo. Kisha kila kundi likaamua ni ipi iingie kwenye kitabu cha historia, na ni ipi iingie kwenye kitabu cha kilimo cha mkarafuu. Walipishana, na sababu walizotoa zilikuwa nzuri pande zote.

Jambo moja nililishughulikia kwa uangalifu. Darasa la Pemba lina watoto wa kila asili, na utumwa si habari ya watu wa mbali. Sikumwuliza mtoto yeyote kuhusu babu zake, na aliyetaka kutania mwenzake nilimnyamazisha mapema. Mazungumzo yalibaki kwenye sentensi, na sentensi ilitosha.

Jumatano

Mawingu yalifunga tangu alfajiri, na wingu likifunga msimu huu kila mtoto anajua kazi yake: kukunja majamvi na kuziingiza karafuu ndani kabla hazijalowa, maana zikilowa zinaharibika rangi na daraja linashuka. Nusu ya darasa ilifika imechelewa. Tulisahihisha tahajia, tukarudia vitenzi vya jana, basi.

Alhamisi

Siku ya mdomo. Nilitumia zoezi ambalo Paul Nation, mwalimu na mtafiti wa New Zealand, amelieleza na kulifanyia utafiti: mwanafunzi anasimulia jambo lile lile kwa msikilizaji wa kwanza kwa dakika nne, kwa wa pili kwa dakika tatu, kwa wa tatu kwa dakika mbili. Wazo ni kwamba maneno yakishapatikana mara ya kwanza, mara ya pili na ya tatu ulimi unakuwa huru kwenda haraka. Kwa kipindi cha dakika arubaini na wote wazungumze kwa zamu, nilipunguza zikawa tatu, mbili, moja. Mistari miwili ya wanafunzi ilisimama uso kwa uso uwanjani, chini ya mwembe, na nikipiga makofi mstari mmoja unasogea hatua.

Kelele ilikuwa kubwa, na mwalimu wa darasa la jirani alikuja kutazama kuna nini. Ilikuwa kelele ya Kiingereza. Thelathini na zaidi wanasema kwa pamoja, na waliobaki wanasikiliza kwa sababu baadaye watatakiwa kueleza walichosikia.

Niliwapanga kwa makusudi. Darasa lina watoto wa mashamba, waliozaliwa chini ya mikarafuu, na lina watoto wa pwani ambao kwao kazi ni nyavu, madema (mitego ya samaki) na ngarawa. Wengi wa pwani wameziona karafuu jamvini tu. Hawajui unashikaje tawi ukiwa juu ili usilivunje, wala kwamba karafuu mbichi ikikauka inabaki karibu theluthi ya uzito wake. Na wa mashamba hawajui dema linatupwa vipi. Kwa hiyo aliyesimama mbele ya mwenzake alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na mwenzake aliuliza maswali ya kweli. "How many days?" "Who climbs?" "What if it rains?" Hakuna swali hata moja kati ya hayo lililotoka kwangu.

Kijana mmoja wa pwani nilimfuata mizunguko yote mitatu. Wa kwanza alisimama kila baada ya maneno matatu, akitafuta. Wa pili alitafuta mara chache. Wa tatu alilimaliza dema lake lote, chambo, jiwe na kamba yake, na bado sekunde zilimbakia. Alicheka mwenyewe.

Palipokwama ni kwenye majina ya vitu. Makonyo, vile vikonyo vinavyotenganishwa na karafuu, utayaitaje? Pishi je? Jamvi? Wengine waliacha sentensi ikafa pale pale. Uamuzi tulioufanya pamoja ni huu: jina libaki, na maelezo mafupi yafuate. Msichana mmoja aliutumia papo hapo: mchumaji, alisema, "is paid by the pishi, and one pishi is four vibaba." Msikilizaji ameelewa, na Kiingereza hakijapata dhara. Nikawaambia kuhusu Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar 1948, aliyekua kwa Kiswahili na akaandika kwa Kiingereza, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Maneno ya Kiswahili yamo ndani ya riwaya zake. Mvulana mmoja akauliza kama alisoma skuli kama zetu. Nikamjibu kwamba alisoma hapa hapa Zanzibar, akaondoka akiwa kijana. Walilitafakari hilo.

La kufanyia kazi ni mkazo. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na wanaupeleka huko huko kwenye kila neno. Century, quality na family zote zinataka mkazo mwanzoni, na zote zilitoka kwa mkazo wa katikati. Nitayapigia makofi wiki ijayo, silabi yenye mkazo kofi kubwa.

Ijumaa

Siku fupi, tunamaliza mapema kwa ajili ya sala. Niliitumia kwa kuandika tu. Aya mbili: ya kwanza ieleze kazi, kwa kauli ya kutendwa, ya pili imweleze mtu aliyekusimulia kazi hiyo, kwa kauli ya kutenda. Mgawo huu haukuwa kwenye mpango wangu wa mwanzo. Umetokana na swali la Jumanne.

Matokeo yalinifurahisha sana. Mmoja aliandika kwenye aya ya kwanza kwamba karafuu "are separated from the stems at night". Aya ya pili akaandika: "My grandmother separates them after Isha. She does not need the lamp. Her thumbs know." Nilimwuliza kama bibi yake ndiye aliyesema hivyo. Akasema hapana, yeye mwenyewe ameona.

Mwingine aliandika kuhusu mjomba wake aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu msimu uliopita na mpaka sasa hatembei sawasawa. Aliniomba asiisome mbele ya wenzake, na hakuisoma. Alikuwa ameandika "my uncle was fallen". Nilimkalisha pembeni nikamweleza kwamba fall haikubali umbo hilo, na kwa kuwa ni mjomba wake nikachagua kumwonyesha tu sentensi sahihi, "my uncle fell", bila mstari mwekundu. Akaiandika juu ya ile ya kwanza, akaendelea na habari ya mama yake anayemhudumia.

Waliobaki nyuma ni wale wanaotafsiri neno kwa neno kutoka kwenye mahojiano yao. Wanaandika "I have gone to the farm yesterday" kwa sababu nyumbani husemwa nimekwenda jana, na hakuna ubaya wowote. Hilo linataka somo lake peke yake.

Kuhusu kusahihisha. Mabuku sitini na kitu yako mezani kwangu sasa. Nitaangalia mambo mawili tu: kitenzi cha kuwa kipo pamoja na umbo la tatu, na aya ya pili ina mtu ndani yake. Mengine nitayaacha mpaka rasimu ya pili. Mwanafunzi anayerudishiwa ukurasa mwekundu kote anasoma alama tu na kulifunga buku. Nimeliona hilo kwa watoto wazuri sana, na sitaki kulifanya kwa hawa.

Wiki ijayo

Kila mtoto wa mashamba atapewa mwenzake wa pwani, na kila mmoja ataandika upya kazi ya mwenzake kama alivyoisikia. Mwenye kazi ataisoma na kusema palipokosewa, kwa Kiingereza. Hapo ndipo tutajua kama maelezo yalieleweka. Nahitaji manila nane na gundi. Mzazi mmoja ameahidi kuleta gundi. Somo la nyakati, jana na have, litaingia Jumatatu kabla ya yote. Wanafunzi ambao hawakuonekana wiki nzima kwa ajili ya uchumaji wamepelekewa aya nne za imla na majirani zao, zikiwa zimenakiliwa kwa mkono, na wameombwa walete kitu kimoja wakirudi: jina la kila hatua ya kazi waliyokuwa wakiifanya huko, kwa Kiswahili cha huko huko. Hao ndio watakaosimama mbele Alhamisi.